Risasi za Mzee Shabani

Nyie vijana wa chuo mliokuja kwangu Ilomba, hapa Mbeya, wiki iliyopita na simu zenu za kurekodia, mliniuliza jambo moja tu: belemnaiti inasafishwaje bila kuvunjika ncha. Niliwajibu, mkanishukuru, mkanywa soda, mkaaga. Mlipokuwa mnatoka getini mmoja wenu akasema, "Mama alikuwa na kazi nzuri sana." Nilimsikia, ila sikumjibu. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Kazi ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini mkiichukua kazi hii mchukue na hili nitakalowaeleza, maana kwenye vitabu vyenu halimo.

Kwa asiyeijua, nianze na mnyama mwenyewe. Belemnaiti alikuwa mnyama wa baharini, ndugu yake ngisi. Alikuwa na mikono kumi yenye vikulabu vidogo vya kukamatia samaki, kifuko cha wino wa kujifichia anapofukuzwa, na ndani ya mwili wake, upande wa nyuma, mfupa mgumu wa chokaa, mrefu kama kidole, uliochongoka. Aliishi zama za mijusi wakubwa, na kama wao, naye akatoweka duniani. Nyama ikaoza, mfupa ukawa jiwe. Ukiliona jiwe hilo unaweza kuapa kuwa ni risasi ya bunduki kubwa. Huko Kusini, upande wa Kilwa na Lindi, mvua ikinyesha yanaibuka mashambani, na watoto wanayaokota wanachezea. Wanayaita risasi.

Mtauliza mawe ya baharini yalifikaje Iringa, kwenye baridi na mahindi. Jibu ni kwamba jengo lilikuwepo. Mkubwa mmoja aliona kuna ghala tupu nje kidogo ya mji, akaona kuna masanduku ya mawe hayana pa kukaa, akayakutanisha. Pembeni ya ghala kikatengwa chumba kikaitwa maabara, na humo ndimo nilimomalizia ujana wangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shabani. Babu yake alitoka pwani akafungua duka la nguo Iringa mjini, na yeye akazaliwa hapo hapo, akakua anaongea Kihehe na majirani na Kiswahili cha pwani na bibi yake. Alikuwa mfupi, anavaa kofia ya kufuma hata ndani ya maabara, na alikuwa na mikono mikubwa ambayo usingeiamini na kitu chembamba. Mimi nilikuwa nimetokea Mbeya, Mnyakyusa wa milimani, nimemaliza kusomea ufundi wa maabara. Bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda.

Siku ya kwanza aliniwekea jiwe mezani akaniuliza, "Hiki nini?"

"Risasi," nikasema.

"Haya. Utaniambia tena."

Siku chache baadaye akaja na ngisi. Alikuwa amemwagiza kwa dereva wa basi la Dar, amefungwa kwenye mfuko wa barafu iliyokwisha kuyeyuka, na harufu ilifika maabara kabla yake. Akampasua juu ya meza ya kazi kwa kisu cha jikoni, akatoa ndani yake kitu kama unyoya wa plastiki, chembamba, kinapitisha mwanga. "Ngisi wa leo amebakiwa na haka tu," akasema. "Yule wa zamani alikuwa na hili hapa." Akakilaza kile kiunyoya kando ya jiwe, akaniacha niangalie. Tangu hapo sikuliita tena risasi. Kisha akawasha jiko letu la kuchemshia maji, akampika ngisi kwa nazi ya pakiti, akanilisha. Nilitafuna kama natafuna kandambili. Alicheka mpaka akavua kofia.

Usafishaji niliwaeleza, ila niliwaona hamkuandika yote, mlitegemea simu. Usianze na ncha. Anza na upande mnene, sogea taratibu, ncha iwe ya mwisho wakati mkono umeshalizoea jiwe. Chombo kizuri ni sindano ya kushonea magunia, uifunge kwenye kijiti. Mswaki uwe uliochakaa, mpya unakwaruza. Halafu sikiliza. Ukiwa kwenye udongo mkavu sauti ni ya mchanga. Sauti ikigeuka ikawa kama unagusa glasi, acha, umefika. Na likivunjika usikimbilie gundi. Liangalie pale lilipokatika, utaona mistari inatoka katikati kwenda pembeni kama spoku za baiskeli. Hapo unajua ni belemnaiti kweli, si kokoto lililochongwa na maji. Lisugue kidogo ulinuse. Mengine yanatoa harufu kama ya ukucha uliochomwa.

Na tindikali msiiguse. Mzee Shabani alipoanza kazi aliona udongo haubanduki, akalimwagia jiwe tindikali, akaenda kuswali Ijumaa. Aliporudi alikuta mapovu, na katikati ya mapovu jiwe limebaki unene wa njiti ya kiberiti. Jiwe lenyewe chokaa, udongo nao chokaa, tindikali ingejuaje ile kipi iache kipi? Ile njiti aliibandika ukutani juu ya meza yake, na kila mgeni akija aliionyesha mwenyewe, bila kuulizwa.

Safari moja tulikuwa tunarudi kutoka Kusini, gari limejaa viroba. Tukasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akafungua kiroba cha kwanza, akachovya mkono, akatoa belemnaiti kiganjani, uso ukabadilika.

"Mzee, hizi risasi mmezitoa wapi?"

"Afande, sugua moja unuse," Mzee Shabani akamwambia.

Askari akatuangalia. Akalisugua kwenye suruali yake, akanusa, akakunja pua. Akanusa tena.

"Inanuka kucha," akasema.

"Basi risasi hainuki kucha, mwanangu. Huyo alikuwa mnyama."

Akatuambia tuende. Tulicheka mpaka Iringa. Siku hizi nikiikumbuka safari ile sicheki. Yule kijana alikuwa na bunduki begani na mamlaka yote, na bado alikubali kunusa kwanza.

Sasa sikilizeni hili, maana ndiko mambo yalikoanzia. Kila jiwe linapookotwa linatakiwa liandikiwe limetoka wapi na kwenye tabaka gani la udongo. Bila hivyo haliwasaidii watafiti. Paa la ghala letu lilikuwa linavuja, mchwa nao wakaingia, na masanduku mengi karatasi zake zikaliwa. Mkuu wetu wa kituo akaamua mawe yasiyo na karatasi yatolewe. Yakamwagwa nyuma ya jengo, kwenye njia ya kwenda chooni, ili wakati wa mvua tusikanyage tope. Ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa tunakwenda chooni juu ya wanyama ambao binadamu hajawahi kuwaona hai.

Mzee Shabani alikuwa akipita pale anainama, anachagua yaliyo mazima, anayatia mfukoni. Mkuu alimwona mara nyingi. Siku moja nilikuwepo, mkuu akamwambia kwa utani, "Mzee, unanibomolea barabara." Wakacheka wote wawili. Yashikeni maneno hayo.

Alipostaafu alifungua kiduka nyumbani kwake Kihesa, pale pale Iringa: sukari, sabuni, mafuta ya kula ya kupima. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wameolewa mbali. Watoto wa mtaa ndio waliokuwa wageni wake. Mtoto akitumwa sukari, Babu Shabani anamsimulia habari za mnyama wa mikono kumi. Akirudi siku nyingine akaisimulia mwenyewe vizuri, bila kusahau kifuko cha wino, anapewa jiwe moja liwe lake. Mimi nilimwambia ananiharibia watoto, watataka wote kuwa mafundi wa mawe wafe maskini. Akasema, "Waache wajue walau kitu kimoja ambacho hakiko kwenye mtihani."

Jirani yake alikuwa fundi seremala tuliyemwita Baba Tumaini. Yeye ndiye aliyemtengenezea Mzee rafu za duka. Walikuwa wanapatana. Idi, pilau inakwenda kwa Baba Tumaini. Krismasi, Baba Tumaini anampelekea Mzee Shabani jogoo akiwa hai ili amchinje mwenyewe, halafu wanakula pamoja. Binti yake fundi, Tumaini, alikuwa darasa la tano, mwembamba, mwenye maswali mengi. Nilimkuta dukani pale zaidi ya mara moja, anauliza kama mnyama yule alikuwa na damu.

Mvua za Januari mnazijua. Ilikuwa mchana, wingu limefunga, mama yake akamtuma Tumaini akaanue nguo. Kamba ya nguo ilikuwa waya, baba yake ameifunga kutoka kwenye bati hadi kwenye nguzo ya chuma, kama tulivyofunga wengi wetu. Radi ikapiga. Mtoto alikutwa chini na shuka amelishika.

Wanawake walipokuwa wanamwandaa walikuta jiwe kwenye mfuko wa sweta lake.

Hapa msicheke, na msijione wajanja kwa sababu mna simu. Kwetu huku, Iringa hata Mbeya, wako watu wengi wanaoamini radi ina jiwe lake, na kwamba jiwe hilo lina mwenyewe anayelituma. Nimekulia kwenye imani hiyo, bibi yangu alikuwa akifunika vioo mvua ikianza. Sasa mnamkuta mtoto amekufa kwa radi, na mfukoni ana jiwe lenye umbo la risasi, linang'aa rangi ya asali, halifanani na jiwe lolote la Iringa. Kabla ya mazishi mtaa mzima ulikuwa umeshaliona. Wakauliza watoto wengine: limetoka wapi? Watoto wakasema ukweli. Babu Shabani ndiye aliyempa. Na sisi tunayo. Wakayatoa mifukoni.

Mzee Shabani alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Mama Atu, njoo ofisi ya mtaa kesho asubuhi. Wanataka kujua mawe ni ya nini, na mimi nikisema hawanisikii."

Nilikwenda. Watu walijaa mpaka nje. Baba Tumaini alikuwa amekaa mbele, ametazama sakafu, na wanaume wawili wamemshika mabega. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu wa haki, namwombea heri hadi leo. Alimwachia Mzee azungumze. Mzee akaeleza, kama alivyokuwa akieleza miaka yote: mnyama, bahari, mikono kumi. Kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kuguna. Mama mmoja akasema, "Sisi tumezika mtoto, yeye anatuletea hadithi za samaki."

Nikasimama. Nikasema mawe ni ya ofisini kwetu, yalimwagwa njiani kama kokoto, mimi mwenyewe nimeyakanyaga. Nikasema radi imefuata waya. Mtu akauliza kutoka nyuma, "Na wewe ulikuwa unafanya kazi naye?" Nikasema ndiyo. "Basi," akasema, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Mwenyekiti akainua mkono. Akaniambia, "Mama, mimi sikusoma mambo hayo. Niletee mkubwa wa ofisi yenu aseme mbele ya watu haya mawe ni kitu gani. Akisema, nitayafunga haya maneno. Nakupa nafasi hiyo."

Nilitoka pale nimepata nguvu. Niliona limekwisha. Kilichotakiwa ni mtu mmoja mwenye koti na tai aje aseme sentensi mbili.

Mkuu wetu alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kunipandishia sauti, na pale pia hakunipandishia. Akazungusha kalamu.

"Mama Atu, nikienda nikasema ni mawe yetu, swali litakalofuata ni yamefikaje nyumbani kwake."

"Yametoka njia ya chooni, mkuu. Uliagiza yatupwe."

"Yatolewe ghalani. Sikusema yatolewe kwenye eneo la ofisi. Vielelezo ni mali ya umma."

"Ulimwona anaokota. Ulimtania."

"Sikumbuki hilo."

Nilimwangalia. Alikuwa ananiangalia usoni kabisa.

"Mkuu, watu watamwua yule mzee."

"Usikuze mambo. Nitamtuma mtu."

Nikaondoka nikisema moyoni, haya, walau anatuma mtu. Sikujua anamtuma kufanya nini.

Kikao cha pili watu walikuwa wengi zaidi. Gari la ofisi likafika, nikalitambua kwa mlio. Akashuka ofisa kijana ambaye hakuwa na mwaka kazini, na dereva amebeba sanduku. Yule ofisa hakusema habari za mnyama. Hakusema habari za bahari. Alitoa karatasi akasoma kwamba ofisi imepata taarifa kuwa vielelezo vyake viko mikononi mwa mtu asiyehusika, na ametumwa kuvikusanya. Kisha akatoa mfukoni glavu, zile nyeupe tunazovaa maabara siku zote, akazivaa, akaanza kuyaokota mawe ya watoto yaliyowekwa mezani, moja moja, kama alivyofundishwa, akiyalaza kwenye pamba ndani ya sanduku.

Nadhani mnaona walichokiona watu.

Waliona serikali imekuja na gari kuyachukua yale mawe. Waliona mtu msomi anaogopa kuyagusa kwa mikono mitupu. Waliona pamba. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma, viti vikaanguka. Akina mama wakawavuta watoto na kuanza kuwafuta viganja kwa khanga. Sauti ya mtu ikasema kwa utulivu kabisa, "Mmeona sasa."

Nilimfuata yule ofisa nikamshika mkono. "Mwambie mwenyekiti ni nini. Mwambie tu." Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nimetumwa kukusanya." Akautoa mkono wake, akaokota jiwe jingine. Nilimchukia, na baadaye nikamwonea huruma, na sasa namchukia tena.

Mwenyekiti akamwuliza Mzee Shabani kama ana la kusema. Mzee alikuwa amesimama ameshika kofia yake. Akasema, "Kama ni mali ya ofisi, mimi ni mwizi. Kama ni yangu, mimi ni mchawi. Chagueni nyie." Akaketi.

Usiku ule vioo vya madirisha yake vilivunjwa. Siku zilizofuata wateja wakakatika. Mtu alikuwa anapita na mfuko wa sukari aliyoinunua mbali, anatazama upande mwingine. Watoto walikatazwa hata kumwamkia. Sheikh wa msikiti wao alikwenda kukaa naye, mchungaji wa kanisa la Baba Tumaini naye alikwenda, wote wawili watu wema, na wote wawili wakamshauri kitu kimoja: ahame kwa muda. Mwenyekiti wa mtaa alimsindikiza mpaka stendi. Mzee Shabani aliyezaliwa Iringa alipanda basi la kwenda Mbeya kwa binti yake, hapa hapa Ilomba, na sanduku moja la nguo. Zile rafu alizotengenezewa na Baba Tumaini sijui nani alizichukua.

Ofisini mimi niliitwa kujieleza kwa nini nilitoa taarifa za kituo mbele ya umma bila idhini. Nikaondolewa maabara, nikawekwa dirisha la kupokelea wageni. Miaka yangu iliyobaki kabla ya kustaafu nilikaa pale nawaandikia watu vibali vya kuingia kuona mawe niliyoyasafisha mimi. Meza yangu akapewa yule kijana wa glavu. Alivunja ncha nyingi.

Niliporudi Mbeya nilikuwa napita kumsalimia Mzee Shabani. Alikuwa anakaa kibarazani, kofia kichwani, redio pembeni. Nilizoea kumpelekea ndizi za Tukuyu na maparachichi. Tuliongea habari za mvua, za bei, za magoti yake. Siku moja mjukuu wake, kitoto cha miaka minne hivi, alimletea ganda la konokono akitaka kumwonyesha. Mzee akamwondoa kwa mkono. "Peleka huko." Mtoto akasimama, hakuelewa. "Nimesema peleka huko, usiniletee vitu."

Binti yake aliniambia ndivyo alivyokuwa tangu aje. Hakumpa mtoto kitu chochote, hata pipi. Akipewa zawadi awagawie wajukuu, alikuwa anaiacha mezani wachukue wenyewe. Alikufa hivyo. Kwenye msiba wake kutoka Iringa alikuja mwenyekiti wa mtaa peke yake. Ofisi haikuleta hata salamu.

Baada ya mwaka hivi, Baba Tumaini alikuja kwangu. Alikuwa amepata kazi ya madirisha kwenye jengo moja huku Mbeya, akaulizia kwangu mpaka akafika. Nilimfungulia kwa sababu sikumtambua upesi. Alikuwa amezeeka, mvi kichwa kizima, vidole vina makovu ya msumeno. Akanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, Mama Atu." Nikamkaribisha, ndivyo nilivyolelewa. Nikampa chai.

Aliulizia kaburi la Mzee Shabani. Nikamwambia liko wapi. Akakizungusha kikombe.

"Nimekuja kukwambia kitu," akasema. "Nimeshamwambia mchungaji, lakini mchungaji hakuwepo pale kikaoni."

"Sema."

"Lile jiwe nilikuwa nalijua."

Nikafikiri anataka kusema amejifunza baadaye, ameona kwenye televisheni, kama wengi wanavyosema. Nikamwambia, "Siku hizi wengi wanajua."

"Hapana. Nililijua siku ile ile. Tumaini alinionyesha alipopewa. Alinikatisha nikiwa nakula, akanisimulia yote. Mnyama wa baharini, mikono kumi, wino. Nikakosea jina, akanifundisha tena. Be-lem-na-i-ti." Alilitamka polepole, sawasawa kabisa. "Aliniambia niseme mpaka nipatie ndipo aniachie nile."

"Walipokuja wale akina mama wakanionyesha, nilijua ni lile lile. Nilijua na lilikotoka."

"Na kwenye kikao ulikuwa umekaa mbele," nikasema. "Mwenyekiti alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kusema. Mimi nimekwenda kumpigia magoti mkuu wangu, kumbe mtu mwenyewe amekaa mbele."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Hakulia. Ningependa niwaambie kuwa alilia.

"Watu walikuwa wameacha kuniuliza habari ya waya," akasema. "Siku ya kwanza kila anayekuja alikuwa anautazama ule waya, halafu ananitazama mimi. Lilipopatikana jiwe, wakaacha."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza, na tulikaa tukiwasikiliza. Alikuwa anasubiri niseme neno. Mtu akisafiri na maneno kama hayo anatazamia kurudi na kitu. Labda ninyi mnaona ningempa msamaha. Alikuwa amezika mtoto. Mimi wangu wako hai wote.

Nilinyanyuka, nikachukua kikombe mbele yake, chai ikiwa nusu, nikaimwaga kwenye karai. Akaelewa. Akachukua begi lake la vifaa, akaniaga kwa heshima, na mimi nikafunga mlango.